Chekeamwezi Walisema Karibu

Kila aliyefika Hifadhi ya Mtondooni alifundishwa kwanza kupiga hodi, na mwalimu wao alikuwa Zuwena Makame. Asubuhi ile alikuwa na mwanafunzi mmoja tu, tena mbishi.

"Hodi ya nini, shoga?" aliuliza Raya. "Mie nimelala kwenye mikoko hii wewe hujaijua hata kwa jina. Leo nipige hodi kama mgeni?"

"Kila mtu anapiga. Hata waziri alipiga."

"Waziri hajaliwa na mbu wa hapa."

Zuwena alicheka. Alikuwa amemngoja rafiki yake huyu kwa hamu, maana Daktari Raya Kombo hakuwahi kuiona njia ya wageni tangu ilipooteshwa topeni. Zamani, kabla hapajawa na njia wala wageni, Raya ndiye aliyekaa kwenye kibanda cha makuti katikati ya mikoko akisikiliza ndege na kukusanya sauti zao. Kisha akaenda zake bara, kwenye maziwa ya magadi, kuwachunguza ndege heroe. Akaolewa huko, akanenepa huko, na sasa alikuwa amerudi kwa sababu jioni palikuwa na sherehe na jina lake lilitangulia katika mialiko yote.

Walisimama kizingitini. Ndivyo walivyopaita mahali pale, mwisho wa nchi kavu, penye mlingoti mfupi wenye tundu za kusikilizia na kioo cha kuonyesha maandishi. Mbele yao hapakuwa na njia. Palikuwa na tope jeusi linalong'aa, mizizi ya mikoko iliyochomoza kila mahali, na mbali kidogo maji yaliyokuwa yakipwa na kuacha mafungu ya mchanga. Juu ya mafungu hayo walijaa ndege waitwao chekeamwezi, weusi kwa weupe, miguu mirefu, wakitembea haraka haraka kama watu waliochelewa sokoni.

"Haya, tazama," alisema Zuwena, akauinamia mlingoti. "Hodi."

Mlingoti ulikaa na neno lile kidogo. Kisha kutoka kwenye vipaza sauti vilivyofichwa mikokoni ikatoka miluzi miwili mifupi, ya chini chini. Hiyo ndiyo iliyokuwa hodi ya kindege. Pakawa kimya. Halafu kutoka mchangani ndege mmoja akajibu, wa pili akadakia, na ghuba nzima ikapokea: kwi-rii, kwi-rii, kwi-rii. Kwenye kioo likawaka neno moja la kijani, KARIBU.

Njia ikaamka. Mbao zake hazikuchongwa na seremala yeyote. Zilioteshwa kutokana na nyuzi za mizizi ya mikoko, zikafundishwa kunyonya hewa na kuitema, kwa hiyo zilivimba na kupanda juu ya tope moja baada ya nyingine, zikichuruzika maji, mpaka ikawepo njia nyembamba inayopinda kwenda mchangani. Zilipopanda ziliutibua udongo, kaa wadogo wakatoka mbio, na chekeamwezi nao wakaja wakikimbia kuelekea njiani, mabawa nusu wazi.

Zuwena hakuwahi kuchoka kuyaona haya. Aliibuni njia hii na ndiye aliyeisimamia, na hakuwa mtu wa kujifanya mnyenyekevu juu ya kazi yake nzuri. Wageni walilia hapa. Watu wazima, wenye vyeo na vitambi, walisimama juu ya mbao hizi wakafuta machozi kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani kiumbe wa mwituni alikuwa amewakaribisha kwake. Alimgeukia Raya ili amwone naye akilia.

Raya hakuwa akilia. Alikuwa amekunja uso.

"Mbona njia imefunguka?" aliuliza.

"Wamesema karibu."

"Nani kakwambia hiyo ni karibu?"

"Wewe."

Raya akacheka, akidhani anataniwa. Alicheka peke yake, kisha kicheko kikapungua, kikaisha, akabaki anamtazama mwenzake usoni.

"Zuwena, mie nilisema karibu, ndiyo. Mwewe akipita, wakilia hivi, nasema karibu. Wanawake wakija kuokota chaza, wakilia hivi, nasema karibu. Yaani yu karibu. Adui yu karibu. Mkono mmoja darubini, mwingine kinasa sauti, mbu shingoni, ulitaka nitoe hotuba?"

"Yu karibu," Zuwena alirudia taratibu.

"Yu karibu sana. Ndiyo wanayoyasema sasa hivi. Wanatusema sisi."

Mbele yao njia ilikuwa imekwisha kupanda yote, safi, ikiwangojea.

*

Mtondooni yote ilisimama juu ya sheria moja, na sheria hiyo ilisimama juu ya neno moja. Sheria ya Idhini ilisema kwamba mtu haingii makao ya viumbe wa mwituni ila kwa ridhaa yao, na viumbe hao ikawaita wenyeji. Ilisema pia, na hapa ndipo palipokuwa na mwiba, kwamba hifadhi ni mahali ambapo wenyeji hupokea wageni. Wasipopokea mtu, hapo si hifadhi tena, ni ardhi tu, na ardhi tu anaweza kupewa yeyote mwenye kazi nayo. Walioitunga walidhani wanawalazimisha wanadamu wajifunze kuzungumza na wanyama. Hawakufikiria kwamba mnyama anaweza kulielewa swali vizuri kabisa na akajibu hapana.

Mashine iliyogeuza milio kuwa maneno, na maneno kuwa njia, iliitwa Mpokezi. Ililishwa milio yote aliyoikusanya Raya, kila mmoja pamoja na maneno aliyoyatamka wakati mlio huo ukisikika. Sauti yake yeye mwenyewe haikuhifadhiwa. Kanuni za faragha zilitaka sauti za watu zifutwe, yabaki maandishi peke yake. Kwa hiyo ile namna aliyolitamka neno, kwa kunong'ona, kwa haraka, kichwa kakiinamisha, ilifutwa. Likabaki karibu, tupu, bila mtu nyuma yake.

Kisha likafika kwa wakaguzi. Wakaguzi walikuwa Zuwena na wenzake wawili, wote watoto wa kisiwani, waliolelewa katika nyumba ambazo hodi haikai bila karibu. Walikuwa wamekwisha kuifundisha mashine kupiga hodi. Walipoona ndege wanajibu karibu, lilikaa kama kifuniko juu ya chungu chake. Walipeana mikono, mmoja akatoka kwenda kununua halua. Mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani angesita na kuuliza karibu ipi. Wao hawakusita, kwa sababu lugha ilikuwa yao.

Zuwena aliyapanga haya kichwani akiwa karakanani na Raya, mbele ya vioo vya kuendeshea njia, na aibu ilimpanda mpaka masikio yakamchoma. Ilikuwa aibu ya kweli. Lakini aibu haikuwa na kazi ya kumpa, na yeye alitaka kazi.

"Huenda maana imebadilika," alisema. "Sisi tuko nao siku nyingi. Umewaona wanavyotukimbilia."

"Wanawakimbilia kaa."

"Basi tuone."

Aliiziba Mpokezi masikio, akaiendesha njia kwa mkono. Aliinua kipande cha mashariki, mbali na kizingiti, bila hodi na bila mtu. Waliangalia dirishani, Raya na darubini, Zuwena na macho yake. Mbao zikapanda, tope likatibuka, chekeamwezi wakaja mbio wakala kaa kwa raha zao. Hakuna aliyelia hata mmoja.

"Sasa mimi," alisema Zuwena.

Alishuka, akavua viatu, akakanyaga mbao. Mguu wa pili ulikuwa bado hewani mlio ulipoanza. Kwi-rii, kwi-rii. Alisimama tuli ili wamzoee. Hawakumzoea. Waliviacha vyakula vyao, wakarudi nyuma hatua kwa hatua, shingo zimenyooka, wakilia wote, na hawakunyamaza mpaka aliposhuka na kurudi nyuma ya mikoko. Hapo wakarudi kula. Akamtuma Raya, ikawa vilevile. Mwisho akalaza mbao zote, akapiga ile miluzi ya hodi peke yake, bila njia, bila mtu wa kuonekana. Wakalia.

"Wamejifunza kitu kimoja kutoka kwetu," alisema Raya. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Wamejifunza kwamba miluzi ile ni watu wanakuja."

Zuwena alikaa juu ya kiti. Miaka yote hii aliamini yeye ndiye mtu aliyewafundisha wanadamu adabu. Aliwaona wageni wote wale, vikundi kwa vikundi, wakisimama mlangoni kwa watu, wakaambiwa msije, wakatabasamu, wakaingia.

*

Bwana Vuai Shehe, mkurugenzi wa hifadhi, alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo. Aliingia karakanani na kanzu mpya iliyokuwa bado ina mikunjo ya dukani, na harufu ya pilau ikaingia naye, maana jikoni masufuria yalikuwa yamekwisha kufunikwa.

"Mthibitishaji wa sheria keshafika," alisema. "Mnakaa humu kama mwali aliyetiwa ndani." Kisha akaona nyuso zao. "Kuna nini?"

Zuwena alimweleza. Alimweleza kwa ufupi na hakupunguza kitu, kwa sababu Vuai alistahili kuambiwa kama ilivyo. Vuai alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti, akakaa juu ya kanzu yake bila kuikunjua.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi watatu," alisema Zuwena, "na ndege."

"Bi Zuwena, unayakumbuka mabwawa?"

Vuai alijua kwamba anayakumbuka. Kabla ya hifadhi, kampuni ya kufuga kamba wa baharini ilikuja na mitambo ili ikate mikoko yote ya ghuba na kuchimba mabwawa. Watu wa Mtondooni walikwenda kukaa kitako kwenye tope mbele ya mitambo ile. Zuwena alikaa, Vuai alikaa, na walikaa mpaka Sheria ya Idhini ilipopita na mahakama ikasema mahali penye wenyeji wanaopokea wageni hapaguswi. Mitambo haikwenda mbali. Ilikuwa ng'ambo ya ghuba hadi leo, chini ya mabanda yanayopakwa rangi kila mwaka.

"Simama leo useme ndege hawatutaki," alisema Vuai, "na hapa si hifadhi tena. Wale wenye mabanda wanasikiliza sherehe hii kama sisi. Wataanza kukata mikoko wiki hii hii. Chekeamwezi wako hawatakuwa hata na pa kusimama wakalia hiyo yu karibu yao. Ukweli wako utawamaliza, dada yangu. Na ukinyamaza wanaishi. Wamezidi kuwa wengi, Daktari, si wewe uliyeandika kwa hesabu tulizokutumia?"

"Wamezidi kwa sababu mikoko haikatwi," alisema Raya. "Si kwa sababu wanatembelewa."

"Na haikatwi kwa sababu wanatembelewa."

Raya akamtazama Zuwena. Zuwena naye alikuwa akitazama nje dirishani, na kwa mara ya kwanza siku ile moyo wake ulisita. Vuai hakuwa mwongo wala mroho. Alichokisema kilikuwa kweli tupu, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kama jambo hili lingekuwa la Mtondooni peke yake, pengine angelimeza, akapunguza wageni, akajilaumu kimya kimya hadi uzeeni. Lakini jioni ile Mthibitishaji alikuwa amekuja kuipitisha kamusi ya Mpokezi iende katika hifadhi zote za pwani. Katika kila ghuba na kila kisiwa, ndege wangelia hatari na mlango ungefunguka. Kosa lake lingekuwa sheria.

"Vuai," alisema, "wewe uko nyumbani kwako. Mtu anapiga hodi. Unamwambia usiingie, nimevua nguo. Yeye anasema ahsante sana, anaingia na wenzake, wanakupiga picha. Kesho tena. Keshokutwa tena. Ungefanyaje?"

Vuai alifikiri kwa uaminifu. "Ningehama."

"Na kama huna pa kuhamia?"

Vuai aliyakung'uta magoti ya kanzu yake ambayo hayakuwa na vumbi.

"Nitasema," alisema Zuwena. "Na nikimaliza kusema, sitawaacha wenye mabanda waingie. Sheria inataka wenyeji wapokee wageni. Umewahi kuisoma ikisema wawapokee wapi?"

"Wapi tena? Ndani."

"Haisemi ndani. Nyumba zetu tangu lini zikampokea kila mtu ndani? Baraza tunajengea nini?"

Raya aliinua kichwa. Vuai alibaki amemtazama, mdomo wazi kidogo, akilizungusha wazo lile lisipate pa kukaa.

"Barazani mwenyeji ndiye anayetoka," alisema mwishowe. "Na wasipotoka?"

"Watakuwa wamekataa, na mara hii tutakuwa tumesikia."

"Mie siwezi kusimama upande wako mbele ya watu, Bi Zuwena. Nina kijiji kizima nyuma yangu."

"Sijakuomba usimame. Nimekuomba usinikate kauli."

*

Alasiri maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali, bamvua la kweli, na ghuba ilikuwa wazi kama ua uliofagiwa. Wageni walijaa kizingitini na nguo zao za sherehe. Walikuwapo wakuu wa hifadhi nyingine, walimu, wanawake wa kijiji na kanga za sare, na nyuma kabisa vijana wawili waliovaa fulana zenye nembo ya kampuni ile ya kamba, waliosema wamekuja kutazama tu.

Mthibitishaji alikuwa Bwana Haidar Mselem, mtu mwembamba mwenye viatu vyeusi vilivyong'arishwa, ambaye watu walisema hajawahi kuonekana akila kitu ofisini. Kazi yake ilikuwa moja. Katika kila hifadhi alisimama mbele ya makao ya viumbe na kuuliza swali la sheria, na alichokisikia ndicho kilichokuwa kweli mbele ya mahakama.

"Wenyeji wameridhia?" aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeuliza hivyo kila mahali.

Ilikuwa zamu ya Zuwena kupiga hodi. Aliusogelea mlingoti, akageuka, akawapa ndege mgongo na watu uso.

"Hawajaridhia," alisema. "Na hawakuwahi kuridhia."

Aliwaeleza. Hakusoma popote. Aliwaeleza juu ya Raya kwenye kibanda chake, na neno lililofutwa pumzi, na jinsi yeye na wenzake walivyolipokea kwa furaha kwa sababu ndilo walilotaka kusikia. "Kosa si la Daktari Raya wala la mashine," alisema. "Ni letu sisi tuliokagua, na mkubwa wao ni mimi. Kila aliyetembea katika njia hii alitembea huku akifukuzwa. Mlio mliousifu, ule mliourekodi mkauweka kwenye simu zenu, maana yake ni: adui yu karibu."

Kilio hakikutokea, wala kelele. Kulikuwa na mnong'ono mrefu tu, kisha mwanamke mmoja akatoa simu mkobani, akaitazama, akairudisha. Wale vijana wa fulana wakatazamana. Vuai alikuwa mstari wa mbele, jasho linamtoka, na hakukata kauli.

Zuwena aliweka kiganja chake kwenye kioo cha mlingoti, akaiamuru njia ilale, kisha akaifunga amri hiyo kwa jina lake ili asije mwingine akaiamsha. Kipande cha kwanza kilikuwa kimekwisha kuinuliwa kwa ajili ya sherehe. Kilitema hewa yake, kikazama, tope likafunga.

"Unajua ulichokisema kisheria?" aliuliza Mthibitishaji.

"Najua."

"Wenyeji hawapokei. Basi hapa si hifadhi."

"Hawapokei ndani, Bwana Mselem. Naomba nikuulize. Kwenu mna baraza?"

Watu waligeuka kumwangalia. Swali lile halikuwa la mahali pale. Mthibitishaji alikunja kipaji, lakini aliulizwa kwa adabu na akajibu kwa adabu. "Tunayo."

"Akija mtu asiye wa ndani, mnampokea wapi?"

"Barazani."

"Akiwa barazani, si mgeni?"

Ilionekana wazi kwamba sheria iliyokuwa ndani ya Bwana Mselem inalizunguka swali lile, inalikagua kila upande ili ione kama lina mtego. "Ni mgeni," alisema mwishowe. "Na amepokewa. Lakini barazani mwenyeji hutoka mwenyewe. Wenyeji wako watatoka?"

"Sijui."

Alilisema neno hilo kwa sauti ile ile aliyosemea mengine yote, na baadhi ya watu wakamwamini kwa sababu hiyo.

"Pwani hii ni ndefu," aliongeza. "Maji yakijaa watalazimika kupanda, lakini wanazo fukwe nyingine zisizo na watu, na hakuna atakayewaita. Naomba tukae hapa tuone. Wasipokuja, andika unavyoona. Sitapinga."

Mthibitishaji aliyatazama maji, akautazama umati, akavuta pumzi puani. "Tutakaa," alisema.

Hapo Vuai akasimama. Zuwena alidhani anaondoka. Badala yake alikwenda kwenye hema la pilau, akarudi na majamvi mabegani, akayatandaza mwenyewe mchangani, mwisho kabisa wa nchi kavu. Akaipandisha kanzu yake mpya, akakaa kitako mbele ya watu wote. Wanawake wa kanga za sare wakamfuata, maana wengi wao walikwisha kukaa kitako hapo siku ya mitambo. Kisha wakakaa wengine wote, na Bwana Mselem katikati yao, viatu vyake vimeelekea ghuba.

Wakangoja. Mwanzoni walingoja vibaya, kwa kukohoa na kuulizana. Mtu alipiga chafya na nusu ya watu wakacheka. Polepole ikawaingia kwamba hakuna kitakachofanyika kwa ajili yao, na wakatulia. Maji yaligeuka. Yalikuja taratibu, yakimeza mafungu ya mchanga moja moja, na kila fungu lilipozama chekeamwezi waliruka na kutua juu zaidi. Kundi kubwa likaruka, likazunguka, likaelekea ng'ambo kwenye ufuko mtupu. Zuwena aliliona likienda. Raya, aliyekaa kando yake, alimshika mkono.

Wengine hawakwenda. Walikuwa wachache, wakipekua kando ya maji yaliyokuwa yakipanda, wakila, wakisogea, wakila. Walikuja kwa hesabu zao wenyewe na hakuna aliyewaamshia kaa. Ndege mmoja, mkubwa, alikuja moja kwa moja hadi mbele ya jamvi la kwanza, akachomoa kaa kutoka shimoni, akamtupa chini na kumpigapiga, karibu na viatu vya Bwana Mselem kiasi cha kumrushia mchanga juu ya ngozi iliyong'arishwa.

Uso wa Mthibitishaji ulifunguka. Alisahau cheo chake, akainama mbele ili aone vizuri.

Ndege akanyoosha shingo. Kwi-rii.

Kila mtu aliyekuwa pale aliwahi kuusikia mlio ule, wengine mara nyingi, na wote waliwahi kuutabasamia. Hakuna aliyetabasamu. Bwana Mselem alijivuta nyuma polepole, mikono chini, viatu vikikwaruza jamvi.

"Nimesogea vya kutosha?" alinong'ona.

Ndege alimtazama kwa jicho moja, akalia tena.

"Bado," alisema Zuwena.

Mthibitishaji akajivuta tena. Waliokuwa nyuma yake wakajivuta ili wampe nafasi, na wa nyuma yao vilevile, mpaka umati wote ukawa umesogea na majamvi yake, wakuu wa hifadhi, wanawake wa kanga, Vuai na kanzu iliyojaa tope, hata wale vijana wa fulana za kamba. Ndege alisubiri wamalize. Kisha akainamisha kichwa, akaendelea kula pale pale mbele ya wageni wake, wala hakulia tena.